Tuni Iliyopita Chini ya Dawati

Mwaja alipomaliza kuimba, taa ya Sikio, ile mashine ya ukutani inayosikiliza tuni, ikawaka nyekundu. Mimi niliyejua kwa nini nilikuwa palepale nyuma ya darasa, nimepiga magoti, najifanya nakaza skrubu.

Ilikuwa Jumatatu, kipindi cha tatu, darasa la nne, Shule ya Msingi Chimendeli. Mwaja alikuwa na miaka kumi, mwembamba, sare yake imeshonwa na mama yake kwa nafasi ya kukulia, mabega yanamning'inia. Aliimba kafumba macho. Alipoyafumbua akaiona ile taa, alitazama nyuma yake kwanza, kama anayedhani ni mwingine anayeonyeshwa kidole.

“Ya Yoeli hiyo!” mmoja akapiga kelele. “Kaiba ya Yoeli!”

“Mwizi wa tuni! Mwizi wa tuni!”

“Hebu kimya nyie,” alisema Mwalimu Ndahani. Huyo ndiye mwalimu mkuu, na muziki anaufundisha mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine anayeujua. Aligusa ukuta chini ya Sikio, maandishi yakatokea: tuni hii iliandikishwa wiki mbili zilizopita, mwenyewe ni Yoeli Mloli.

Mwalimu aliyasoma mara mbili. Kisha akasema taratibu, “Mwaja, unajua utaratibu wetu.”

Utaratibu wenyewe waliutunga watoto, mwaka ule Sikio lilipoletwa. Wanauita kurudisha. Ukiwakiwa nyekundu, unakwenda mbele ya mwenye tuni, unanyoosha viganja viwili kama umebeba maji, unasema: nakurudishia tuni yako. Naye anapokea kwa mikono miwili na kuiweka kifuani. Kwa kawaida wanafanya huku wanacheka, maana mara nyingi mwenye tuni ni tangazo la sabuni, na mtoto anaurudishia ukuta.

Siku hiyo Mwaja hakucheka. Alikwenda mpaka kwa Yoeli, akanyoosha viganja. “Nakurudishia tuni yako,” alisema. Yoeli akapokea, akaiweka kifuani, akajikohoza kwa fahari. Mwaja akabaki anatazama viganja vyake, kana kwamba anataka kuona ni nini kilichotoka.

Mimi nilizidi kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Niliikaza mpaka ikakatika kichwa.

*

Jina langu Chibago, fundi redio mstaafu. Ufundi sikuusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kubaki na skrubu mbili mkononi ambazo sikujua zilitoka wapi. Kijiweni kwetu, pale kwa muuza kahawa, wananijua kwa mengine. Wananijua kwa ile redio niliyoitengeneza ikawa inasoma taarifa ya habari ya kesho yake, nikaizima mwenyewe ilipotangaza kifo cha jogoo wangu. Wananijua kwa yule mbuzi aliyemeza sumaku akawa kila siku analala ameelekea kaskazini. Wanacheka, naagiziwa kahawa nyingine. Nimeishi hivyo miaka sabini na moja, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Hili la leo halina sumaku ndani yake.

Sikio lina ukubwa wa kibuyu cha maziwa, nalo hukaa ukutani juu ya ubao. Sauti nzuri halijali. Kinacholihusu ni miruko: sauti imepanda ngazi ngapi, imeshuka ngapi, imenyamaza kwa muda gani kabla ya kurudi. Miruko hiyo inapelekwa Ghalani, ambako zimo tuni zote walizowahi kurekodi binadamu, toka za kanisani hadi za kubembelezea watoto. Miruko tisa mfululizo ikifanana na ya mtu, taa nyekundu. Isipofanana na ya yeyote, kijani, na tuni inaandikwa jina la mtoto milele.

Wakubwa wa elimu walisema mtoto anayezoea kutunga tuni ndiye atakayekuja kutunga daraja na dawa. Sibishi, kwa sababu nililiona. Mwaka wa kwanza watoto wa Chimendeli walikuwa balaa. Walipiga vifuniko vya masufuria, walijaza chupa maji kwa vipimo tofauti, mmoja akagundua mtambo wetu wa kunasa umande unavuja kwa sababu tu mlio wake ulikuwa umebadilika. Kila kitu walikiuliza kwa nini, mpaka wazazi wakalalamika. Lakini wakubwa hawakuacha jambo likae lilivyo. Wakaweka idadi: shule isiyofikisha tuni mpya sitini kwa muhula, kipindi cha muziki kinaondolewa, watoto wanaongezewa hesabu.

Unajua mtoto akiambiwa atunge la sivyo. Anakauka.

Mwezi wa pili Mwalimu Ndahani akaja kwenye karakana yangu. Hakuketi.

“Mzee Chibago, tuko thelathini na moja. Muhula umebakiza wiki sita.”

“Pole sana, mwalimu.”

“Hivi hilo Sikio, wewe unayelitunza, haliwezi likawa na hitilafu? Ya kutuelekea sisi?”

“Sikio haliguswi, limepigwa lakiri, na wanaliona mpaka huko juu. Ila watoto...” Nikatabasamu lile tabasamu langu la kijiweni. “Watoto hawana lakiri.”

Aligeukia mlango. “Sijakuuliza kitu,” alisema, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, shule ikiwa tupu, nilibandika vitetemeshi chini ya madawati ishirini na sita. Nilivitoa kwenye simu za zamani, vile vidude vidogo vinavyofanya simu itetemeke mfukoni. Mtetemo ukiupunguza sana, sikio haliusikii. Unapita kwenye ubao, unaingia mifupa ya makalio, unapanda uti wa mgongo, unafika kichwani kimyakimya. Mtoto hahisi kwamba amesikia. Anadhani amewaza.

Na tuni zenyewe nilizitoa wapi? Hapo ndipo uso wangu unapowaka moto. Sikujua kutunga, sijawahi kutunga kitu zaidi ya uongo. Nilitega kinasa sauti kwenye paa, juu ya uwanja ambao watoto hufagia kila asubuhi kabla ya paredi. Wanapofagia wananung'unika, kila mmoja na lake. Nikaiagiza mashine iwasikilize, ikatekate vile vipande, ivichanganye na kuvipeleka chini ya madawati. Sikuiambia kwamba ikikuta tuni nzima, isiyohitaji kukatwa, iiache kwa mwenyewe. Kwa lugha ya mafundi, sikuweka kikomo. Kwa lugha ya kawaida, nilikuwa na haraka ya kwenda kujisifu.

Wiki moja, kijani kumi na nne! Mwalimu Ndahani alitoka darasani anajifuta machozi. Mimi nikawa natembea pale uwanjani kifua mbele, kama nimezaa darasa zima.

Kulikuwa na dalili, nami nilizipuuza. Watoto walikuwa wametulia mno. Vifuniko vya masufuria vilirudi jikoni. Walikuja, wakakaa, wakasubiri, mikono mapajani, kama abiria. Siku moja kibinti kimoja kikaniambia, “Babu, nyumbani haziji. Zinakuja nikikaa hapa tu.” Nikamwambia ndio raha ya shule.

*

Jumatano ya wiki ile ya taa nyekundu, mchana, Mwaja alikuja karakana.

“Hodi. Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Karibu, pita. Usiikanyage hiyo waya, inauma.”

Aliiruka waya, akasimama mbele ya meza yangu. “Babu, wewe si unatengeneza kila kitu?”

“Kila kitu isipokuwa mvua. Na hiyo nilikaribia.”

Hakucheka. Aliinamisha kichwa, akanielekezea utosi. “Basi nifungue unitazame humu.”

“Humu kuna nini?”

“Kuna kitu kinaiba.” Alisema kama mtu anayeeleza anapoumwa. “Ile tuni nilianza kuiimba mwezi wa kwanza, nikifagia. Mwanzo ilikuwa fupi. Fagio likikwaruza mara mbili, naongeza kidogo. Pale kwenye mawe fagio linaruka, na yenyewe nikairusha. Nilidhani naitunga mimi. Kumbe ya Yoeli. Mama anasema labda nilimsikia nikasahau, lakini mimi na Yoeli hatufagii upande mmoja. Kwa hiyo kipo kitu kinaiba peke yake, mimi sijui. Kitoe.”

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Niliitafutia mahali pa kuiweka, nikaiweka, nikaishika tena.

Ilikuwa sentensi moja tu iliyotakiwa. Huibi, mwanangu, mwizi ni mimi. Maneno matano. Mimi ninayeweza kuzungumza habari za mbuzi mmoja toka asubuhi mpaka adhuhuri, maneno matano yalinishinda. Badala yake nilichukua kipimo cha betri, nikaweka ncha moja kwenye paji la uso wake, nyingine kidevuni, nikakodolea mshale macho kama daktari.

“Aaa! Uko salama kabisa. Hakuna mwizi humu.”

“Kinapima kuiba?”

“Hiki? Hiki kinapima kila kitu. Kuna mwaka kilimkamata mtu aliyeiba reli, reli nzima, amekunja kaweka kwenye kapu.”

Alikitazama kile kipimo, akanitazama mimi. “Basi kimeharibika,” alisema. “Asante babu.” Mlangoni akageuka. “Nikifagia siku hizi nauma midomo hivi. Isije ikatoka nyingine ya mtu.”

Akanionyesha anavyoiuma. Kisha akaenda zake.

*

Sikula mchana ule. Nilivaa kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikapita njia ya nyuma mpaka ofisini kwa Mwalimu Ndahani, nikamweleza yote: vitetemeshi, kinasa sauti, kikomo ambacho sikukiweka. Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alifunga dirisha.

“Tumefikisha hamsini na tatu,” alisema.

“Mwalimu, mtoto anauma midomo.”

“Nimekusikia. Nami nimemwona.” Aliketi. “Mzee wangu, ukilisema hili, tuni zote za muhula zinafutwa. Kipindi kinaondoka kesho yake. Watoto mia nne hawatapata tena saa moja kwa wiki ya kutunga kitu bila kuulizwa jibu sahihi ni lipi. Nimepigania saa hiyo miaka kumi na mmoja. Huyu ni mtoto mmoja, ameomba radhi kwa jambo dogo. Atasahau.”

“Na hao mia nne, wanatunga?”

Nje watoto walikuwa wanatoka mapumziko, na tulisikiliza wote wawili. Kelele za mpira zilikuwepo, kuitana kulikuwepo. Hakuna aliyeimba.

“Fanya unavyoona,” alisema mwishoni, huku anatazama meza. “Mimi nilikuja kwako nikasema sijakuuliza kitu. Nilikuwa nakuuliza.”

*

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi, darasani mle mle. Watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Watoto wako nje, wanachungulia madirishani. Mloli, baba yake Yoeli, ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na alikuwa anaisifu shule kwa kijani hamsini na tatu niliponyoosha mkono.

Nikasimama, nikasema. Nilisema bila mapambo, jambo ambalo sijazoea, na nilijikwaa mara mbili.

Halafu mtu mmoja nyuma akapasuka, kicheko kikaenea.

“Tuni zinapitia makalioni!” alisema mama mmoja, anajipiga paja. “Jamani mzee Chibago, utatuua!”

“Kwani ile redio ya kesho inasemaje kuhusu hili?” Mloli aliuliza, anafuta machozi. “Kaa mzee wangu. Tutakusikiliza kijiweni, na kahawa nitatoa mimi.”

“Nasema kweli.”

“Hata la mbuzi ulisema kweli.”

Nikainamisha dawati, nikabandua kitetemeshi, nikakiinua. Wakacheka zaidi: mzee amejiandaa safari hii, amekuja na vifaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu niliowadanganya maisha yao yote, nawapa kitu pekee cha kweli nilichokuwa nacho, na wao wanakipokea kama zawadi ya kuwachekesha. Ningeweza kukaa. Hilo nalijua, na naona haya kwamba nilifikiri: nimeshasema, hawakuamini, yamekwisha.

Kisha nikamwona Mwaja dirishani. Yeye peke yake hakuwa anacheka.

Nilikwenda dawati hadi dawati, nikawaomba wazee wasogee, nikabandua vyote ishirini na sita nikavitia kofiani. “Waite watoto,” nilimwambia Mwalimu Ndahani. “Wakae mahali pao. Waimbe chochote.”

Mwalimu akaenda mlangoni, akawaita. Wazazi wakasimama ukutani, bado wanatabasamu. Watoto wakakaa, mikono mapajani.

“Imbeni,” alisema mwalimu. “Yoyote iliyo yenu. Anayetaka aanze.”

Hawakuanza. Walikaa kama walivyozoea, wanasubiri. Mmoja alijisogeza kushoto, kisha kulia, kama anayetafuta mahali palipo na joto. Yoeli aliingiza mkono chini ya dawati, akapapasa.

“Mwalimu,” alisema, “leo haiji.”

“Dawati langu nalo limekufa,” alisema mwingine.

Ukutani vicheko vilikatika kimoja kimoja. Mloli alimwendea mwanawe, akachuchumaa. “Yoeli, wewe imba tu ile yako. Ile nzuri.”

Yoeli alifungua mdomo. Uso wake ukakunjika. “Sijui kama ni yangu, baba.”

Mama yake Mwaja, fundi cherehani, mwanamke asiyezungumza mikutanoni, alitoka ukutani akaja mpaka nilipo. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

“Mwanangu ananyamaza hata nyumbani,” alisema. “Sasa mrudishie.”

Kwa hiyo nilipiga magoti, safari hii bila skrubu. Mwaja alikuwa amekaa dawati la tatu. Nilinyoosha viganja viwili mbele yake, mikono hii iliyofungua kila kitu cha watu, na ndani yake hamkuwa na kitu.

“Nakurudishia tuni yako.”

Aliificha mikono yake mgongoni. “Siku ile uliponipima,” alisema, “ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Alifikiri. “Basi kipimo hakikuharibika.”

Darasa zima lilisikia. Akatoa mkono mmoja, wa kushoto, akapitisha vidole juu ya viganja vyangu harakaharaka, kama anayechukua kitu chake kwenye moto. Hakukiweka kifuani. Alikifumbata.

“Nitaimba,” alimwambia mwalimu. “Ila babu atoke nje kwanza. Asisikie.”

Hakuna aliyemkemea. Mwalimu Ndahani alipanda kiti, akachomoa waya wa Sikio kwa mkono wake mwenyewe. “Na hili nalo lisisikie,” alisema.

Nikaokota kofia yangu na vidude vyake, nikatoka. Niliketi juu ya bomba la mtambo wa umande, jua linaniwakia kichwani. Kupitia dirisha nilimwona Mwaja amesimama, mdomo umeanza kufunguka, na hapo nikatia vidole masikioni. Nilivikandamiza mpaka nikasikia damu yangu tu. Nilimwona anapiga mguu, kama fagio linaporuka kwenye mawe. Baada ya muda nilimwona Yoeli anapiga dawati, nje ya mpigo kabisa, na Mwaja anamgeukia, anamwonyesha kitu kwa mkono, kisha anabadilisha alichokuwa anaimba ili kile kipigo kibovu kipate mahali. Nilijua kwa jinsi vichwa vilivyogeuka. Halafu mdomo wa tatu ukafunguka. Sikutoa vidole.

Barua ya wakubwa ilikuja mwezi uliofuata. Tuni hamsini na tatu zilifutwa, na kipindi cha muziki kikaondolewa, watoto wakapewa hesabu. Mwalimu Ndahani alibaki na saa moja tu asiyoweza kunyang'anywa na mtu, ile ya kufagia, akairefusha kuliko shule yoyote wilayani. Uwanja wa Chimendeli sasa ni msafi mpaka unang'aa. Nikipita pale asubuhi naziba masikio, na watu wanaoniona wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Kijiweni Mloli alinunua kahawa kama alivyoahidi. Wakasogeza vigoda.

“Haya, mzee Chibago. Siku ile sisi tulikuwa ndani, wewe ulikuwa nje. Utuambie wewe mwenye maneno: ile tuni ya Mwaja ilikuwaje?”

Walikuwa wananingoja. Kahawa ilikuwa ya moto, nikaizungusha kikombeni.

“Sijui,” nilisema. “Sikuisikia.”